Kipande cha Dada Yako

Mji wa Baraka, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Riziki mwanangu,

Umekwenda Nundu kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko ua wa nyuma anagombana na begi lako. Nimeisogeza meza karibu na dirisha, nimefunga mlango, na nimemwambia jirani aliyebisha hodi aje kesho. Kesho utakuwa umeondoka, nami nitakuwa na muda mwingi wa kuzungumza na majirani.

Sitakuandikia habari ya baridi ya Ubelgiji, wala ya kula, wala ya kusali. Hayo mama yako amekwisha kukueleza, na mengine ameyafunga pamoja na ndagala. Asubuhi nilimwambia kwamba samaki wale watanuka ndani ya ndege. Alinijibu bila kuinua kichwa: "Banuke. Bajue kama mu ndege iko mutu ya Baraka." Kwa hiyo utanuka, mwanangu, na mimi sina la kuongeza.

Ninakuandikia kwa sababu jana uliniuliza swali, nami nikainuka nikaenda kumfunga mbuzi ambaye alikuwa amekwisha fungwa. Ulinitazama. Mama yako ndiye aliyesema, nami nilimsikia kutoka zizini: "Mutoto amekuuliza, weye." Nilibaki na kamba mkononi mpaka mlipoondoa vyombo.

Nataka ujue kwamba nilisikia kila neno. Mama yako alikuwa anachekecha unga wa muhogo. Ulichukua ungo, ukausawazisha unga kwa kiganja, ukachora kwa kidole mfuko wa uzazi na mirija yake miwili. Mama yako alikukemea: "We, unaharibu unga yangu na matumbo ya batu. Nani atakula bugali ya vile?" Ulicheka, ukaendelea. Ulituonyesha kwamba ndani ya mfuko ule kuna utando unaobanduka kila mwezi, na kwamba kwa baadhi ya wanawake kitu kinachofanana na utando huo huota nje ya mfuko: juu ya vifuko vya mayai, juu ya utumbo, nyuma ya kibofu. Ulitia alama kwa ncha ya kidole, hapa na hapa na hapa. Ulisema vidonda hivyo navyo huvuja kila mwezi, lakini damu yake haina mlango wa kutokea. Hubaki ndani ikafanya makovu, na makovu yakavigandisha pamoja viungo vilivyoumbwa viteleze. Ulisema ugonjwa huo unaitwa endometriosisi, kwamba dada yako Feza alikuwa nao kwa kadiri unavyoweza kukisia, na kwamba wewe unao kwa hakika, kwa kuwa ulipimwa Bukavu.

Kisha ulitueleza kazi unayokwenda kujifunza. Dawa zilizopo, ulisema, ama hutuliza maumivu kwa muda, ama huzuia hedhi, na mwanamke hawezi kushika mimba wakati anapozimeza. Kisu nacho hukata, lakini mara nyingi ugonjwa hurudi. Katika maabara, ambayo wewe unaiita labo na mimi nimechoka kukukosoa, wanatafuta dawa ya namna nyingine. Huchukua kipande kidogo kilichokatwa katika mwili wa mgonjwa aliyekubali, wakakitenganisha chembe kwa chembe, wakazilisha chembe hizo katika visahani, ndani ya kabati lenye joto la mwili wa mtu. Hutia dawa wanayoijaribu, kisha hutazama kwa hadubini kama chembe mbaya zimedhoofika na kama zile nzima zimesalimika. Wengine wanajaribu dawa ya kuzinyima chembe mbaya chakula chao bila kugusa hedhi wala uzazi.

Mama yako aliuliza: "Na ile dawa iko?"

"Bado, Mama. Nyingi banajaribu zinashindwa."

"Sasa we unaenda kufanya nini kule?"

"Naenda kutosha zenye kushindwa, Mama," ulijibu, nami nikasahihisha moyoni: kutoa. " Zenye kubakia zitakuwa kidogo."

"Kumbe ni kazi ya kuchambua muchele," mama yako alisema, akacheka. Nami nilicheka, ingawa hukuniona, maana nilikuwa nimegeuza uso.

Hapo ndipo uliponigeukia. "Baba, kule batanipasua. Ile batatosha mu tumbo yangu, mi nataka nipatie labo. Sijasikia kama mu friji yao iko ya mwanamuke wa kwetu hata moja. We unasema nini?"

Una umri wa kujiamulia. Sheria ya kule haitaniuliza mimi kitu. Uliniuliza kwa heshima, na pia, nadhani, kwa sababu ya kile kilichozikwa nyuma ya jiko, karibu na jiwe la kusagia. Habari hiyo umeijua tangu ukiwa msichana, lakini umeijua kama majirani wanavyoijua: kwamba Mwalimu alikataa kuwaachia madaktari kipande cha binti yake, akakibeba mpaka nyumbani, akakizika. Leo nataka uijue kama mimi ninavyoijua, kisha utalipata jibu lako.

Kwetu baba hazungumzi na binti yake habari ya hedhi. Neno lenyewe ninaliandika leo kwa mara ya kwanza katika maneno ninayomwelekezea mtoto wangu. Kuna shangazi kwa ajili hiyo. Utaratibu huo una adabu yake, siutukani, lakini una tundu moja: kama shangazi yuko mbali, au kama naye aliambiwa na mama yake kwamba mwanamke huumwa tu, basi mtoto hana mtu. Shangazi yako alimwambia Feza kwamba akizaa, maumivu yataisha. Baada ya hapo hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Isipokuwa siku moja. Alikuwa bado mwanafunzi, nasi tulikuwa bado ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya wakimbizi ya Kigoma, ambako nilikuwa nimejifunza kwa walimu wa Kitanzania Kiswahili hiki ninachokiandika, nikakipenda kupita kiasi. Nilikuwa ninasahihisha madaftari. Feza alikuja akasimama mbele ya meza, ameikunja mikono tumboni, akasema: "Baba, tumbo iko nauma."

Nilimwambia: "Tumbo linauma. Rudia."

Alisema: "Baba, tumbo linauma."

Nilimwambia vizuri, nikaendelea na madaftari. Alisimama kidogo, kisha akaenda zake. Sikumwona mtoto anayeumwa aliyevunja desturi ili anifikie mimi. Nilisikia sentensi iliyonyooka, nikaridhika. Hakuja tena. Ndiyo maana katika barua hii nimeandika maneno ya watu kama walivyoyatamka. Yako, ya mama yako na yake.

Aliolewa tuliporudi. Mume wake hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu wa mama yake. Walikaa miaka bila mtoto, na kila mwezi Feza alilala siku kadhaa bila kwenda shamba. Siku walipomrudisha, mama mkwe wake alisimama hapa uani, hakutaka hata kiti, akasema mbele ya majirani: "Sisi tulikuja kuchukua bibi. Hatukuchukua mutu wa kulala." Mama yako alimjibu maneno ambayo sitayaandika. Feza alipita katikati yao amebeba godoro lake kichwani, akaingia ndani, akalitandika.

Mwaka uliofuata tulimpeleka kupasuliwa. Hospitali sitaitaja, maana haikunikosea. Nilikuwa nimesimama barazani pale alipotoka daktari, mama wa makamo, bado amevaa glavu, ameshika kikopo cha plastiki chenye kifuniko. Alionekana amechoka. Alisema: "Papa, tumetosha uvimbe ku yai moja, na vipande vingine. Tunaomba kidogo tutume ku labo, bapime, tujue jina ya ugonjwa. Na kidogo, mukikubali, tupatie bale benye kutafuta dawa."

Nilimwambia: "Kilichotoka kwa binti yangu kitarudi nyumbani pamoja na binti yangu."

"Yote, Papa?"

"Chote."

"Papa, bila kupima hatutajua kama ni nini."

"Mungu anajua," nilisema. Alinikabidhi kikopo.

Sasa sikiliza kwa nini, kwa sababu watu wamesema ni ushamba, na wengine wamesema ni uchawi. Haikuwa hivyo. Mama yangu, nyanya yako ambaye hukumwona, alizika kondo la nyuma la Feza kwa mikono yake karibu na jiwe la kusagia. Alipokuwa anafukia alilitaja jina la mtoto polepole, kama mtu anayemwonyesha mgeni kitanda chake. Kisha vita vikaja, tukavuka ziwa. Kaka yangu alifia kambini, tukamzika katika udongo wa watu. Wewe ulizaliwa huko. Nilikwenda hospitali kuomba kondo lako, na muuguzi akaniambia kwa upole: "Mzee, hizo tunachoma. Ndiyo taratibu." Nilibishana naye mpaka nikaitiwa mlinzi. Nilirudi kwenye hema mikono mitupu. Wazee wa kambini walisema mtoto huyu hatakaa nyumbani, hana kilichomshika. Niliwacheka mbele yao, lakini nilikiamini kile walichosema. Uliponiomba kwenda kusoma Bukavu nilikuzuia mwaka mzima kwa visingizio. Hukujua ninazuia nini.

Tuliporudi Baraka nyumba ilikuwa imechomwa na ua umemezwa na majani. Nilitambua kwamba nimefika kwetu pale nilipoliona jiwe la kusagia. Hakuna kingine kilichokuwa kimebaki. Kwa hiyo, barazani pale hospitalini, mbele ya daktari, sikuwa ninafikiri habari za maabara. Nilikuwa mtu aliyechoka kuacha vipande vya watu wake katika nchi za wengine. Kila nikipita kambi ya wakimbizi ya Lusenda, nikiwaona akina mama wa Kirundi na watoto waliozaliwa kambini, najiuliza wao wanazika wapi.

Nilisafiri na kikopo magotini, nimekifunga kwa kitambaa cha mama yako. Ndani ya gari mama mmoja aliniuliza: "Mwalimu, ni asali?" Wewe unajua kwamba sisemi uongo. Nilimwambia ndiyo, ni asali. Aliniambia nikishike vizuri, njia ni mbaya. Nilikishika vizuri. Nilipofika nyumbani nilichimba karibu na jiwe, nikataja jina la Feza kama mama yangu alivyolitaja, nikafukia. Nilihisi, nakuambia kweli, kwamba nimefanya jambo moja sawasawa baada ya miaka mingi.

Sehemu inayofuata hujaisikia kwa mtu yeyote, maana tulikuwa wawili tu.

Feza aliporudi na mama yenu, na kidonda kilipoanza kufunga, alikuwa anapenda kukaa nyuma ya jiko, juu ya lile jiwe, akipukuchua maharage. Nilimkuta huko. Aliniuliza: "Baba, ile balitosha mu tumbo yangu, iko wapi?"

Nilionyesha kwa kidevu. "Hapo, karibu na mguu wako."

Aliangalia chini, akasogeza mguu. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Kumbe Baba umekwisha kunizika nusu. Siku yangu ikifika kazi itakuwa kidogo."

Nilimkemea. Aliomba radhi, akaendelea na maharage. Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimegeuka kuondoka aliposema, bila hasira, kama mtu anayezungumza na mikono yake:

"Lakini mi ningebapa. Kama bangeniuliza mi mwenyewe, ningebapa. Bangeniambia niko na nini. Na kama habajue, bangetafuta."

Niliingia ndani.

Riziki, nimeyabeba maneno hayo kwa miaka yote hii. Sikuyaficha kwa hila. Kila nilipofungua kinywa kuyasema kwa mama yako, nilijikuta ninazungumza habari ya mabati au ya shule. Kilichonikwama hakikuwa kwamba angewapa. Kilichonikwama ni lile "mi mwenyewe." Alikuwa mwanamke mzima aliyewahi kutunza nyumba yake. Daktari aliniuliza mimi, nami nikajibu, na wote wawili tulikuwa tumesimama mlango wa pili kutoka mahali alipolala. Hakuna aliyefikiri kusubiri aamke.

Mengine unayajua. Maumivu yalirudi. Hatukuwa na jina la kumpa muuguzi wa hapa, kwa hiyo kila mmoja alitibu alichodhani: minyoo, vidonda vya tumbo, wengine malaria. Usiku ule tumbo lilipovimba akawa anatapika, mvua ilikuwa imeikata barabara, tukaenda hospitali ya Nundu kwa mtumbwi wa injini, mama yako amekipakata kichwa chake. Alifariki kabla hatujafika. Waliniambia utumbo ulikuwa umefungwa. Niliuliza umefungwa na nini, wakasema hawajui.

Uliporudi likizo ukiwa umekwisha kusoma mambo haya, nilikuuliza kama wangekipima kile kipande angepona. Ulisema: "Sijui, Baba. Pengine bangempatia dawa mapema. Pengine hapana." Nilikuheshimu kwa jibu hilo kuliko kwa diploma yako. Mtu mwingine angenifariji, na mwingine angenihukumu, na wote wawili wangekuwa wanasema wasilolijua.

Sasa unakwenda kufanya kazi katika nyumba ambayo vikopo vile huishia. Siku moja utakuwa wewe unayetokea barazani umevaa glavu. Mtu aliyekwisha kusimama upande wa pili anaweza kukuambia machache. Ukiweza, usimwombe mtu ukiwa umesimama na kitu kile kikiwa tayari mkononi mwako; kinakuwa kama maiti, na mtu hajadiliani juu ya maiti. Mwulize mwenye mwili, macho yake yakiwa wazi, kabla hajalazwa. Mwambie kitakaa wapi, nani atakilisha asubuhi, na mwisho wake ni nini, hata kama mwisho wake ni kuchomwa. Mimi kuchomwa ningekuelewa. Nisichoelewa ni kutoambiwa. Na akikataa, mwache akatae, wala usimwandike moyoni kuwa mjinga. Hujui ameacha nini njiani.

Jambo jingine. Jumapili mchungaji alikuweka mbele ya kanisa, akakuwekea mkono kichwani, akasema utatuletea dawa. Watu walipiga vigelegele. Niliuona uso wako. Ninajua ulikuwa unafikiri juu ya visahani vitakavyoshindwa, na juu ya akina mama wale waliokuwa wanakutazama. Basi mimi baba yako ninakuondolea mzigo huo. Sikutumi ulete dawa. Dada yako hakusema angewapa ili wapate, alisema wangetafuta. Hilo ndilo alilolitaka, na hilo liko ndani ya uwezo wako. Ukizeeka kule ukitoa zile zinazoshindwa, na wengine baada yako wakaendelea kuchambua, utakuwa umefanya alichokiomba. Ukirudi mikono mitupu, mlango huu utakuwa wazi, na hakuna atakayesimama uani kusema neno, maana safari hii nitamjibu mimi mwenyewe.

Kuhusu mtoto, kama utampata au hutampata, mama yako analia jikoni akidhani sisikii. Mimi sina neno la kukuambia ila hili: nilipata watoto wawili, na kwa mmoja nilikuwa kiziwi. Kuwa na mtoto hakunifanya mzazi siku ile mbele ya madaftari. Sikutakii uyakose unayoyatamani. Ninakuambia tu kwamba ukiyakosa, hakuna mtu katika nyumba hii atakayekuona umepungua.

Nami ninaogopa. Niliona afadhali niandike hivyo wazi. Safari hii watamkata binti yangu, nami sitakuwa barazani. Hakuna atakayenijia na kikopo, na hata angekuja, si mimi wa kuulizwa. Ni sawa iwe hivyo. Lakini mwili wangu haujajifunza bado. Tangu jana mikono yangu inashika kitu ambacho hakipo.

Basi nisikilize. Jibu nililokunyima jana halikuwa langu. Lilikuwa la Feza, nami nimelikalia miaka mingi. Wape, Riziki. Kile watakachotoa tumboni mwako, wape wakipime, wakilishe, watie dawa zao, watazame. Wasirudishe kitu. Ulizaliwa katika nchi ya watu na kilichotoka pamoja nawe kikabaki huko, na nchi ile haikukudhuru. Ilikuacha urudi, ukakaa nasi, ukanichorea ugonjwa katika unga. Wazee wale walikosea. Hakuna kilichokushika hapa isipokuwa sisi, na sisi tunakuachia.

Nina ombi moja, nalo si sharti. Uliniambia kwamba kule kipande hakiandikwi jina la mtu, huandikwa namba, ili siri ya mgonjwa ilindwe. Ni vizuri. Lakini sisi hatukabidhi kitu cha mwili bila kukitajia mwenyewe. Kwa hiyo, kabla hawajakulaza, wewe mwenyewe, kwa sauti ya chini isiyomsumbua mtu, taja jina lako. Kisha taja la dada yako. Alikuwa tayari kutoa, na mimi ndiye niliyemzuia mlangoni. Hataweza kwenda kwa namna nyingine tena. Cha kwake kimekwisha kuwa udongo. Aende katika kinywa chako.

Kesho ufukweni sitasema kitu. Watu watakuwa wengi, na mimi najijua. Nitalibeba begi lako mpaka kwenye boti, pamoja na ndagala wake, na barua hii nitakutia mkononi wakati wa kupanda, uisome ukiwa umekwisha kufika mbali. Usiijibu kwa kuandika. Siku watakapokupasua, ukiamka na ukiwa na nguvu, mpigie mama yako simu, umwambie tu kwamba wamepokea. Hataelewa umesema nini, atadhani ni samaki. Mimi nitakuwa nimekaa nyuma ya jiko, karibu na jiwe, na simu yake huwa anaiongea kwa sauti kubwa.

Nitasikia.

Baba yako